Jibu Lililopotelewa na Muulizaji

Fungua tovuti yoyote ya habari ya Bujumbura inayoendeshwa kwa WordPress, kisha uandike Mutakura, jina la mtaa mmoja wa jijini humo, kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Anwani iliyo juu inabadilika papo hapo: mwishoni inaongezeka alama ya kuuliza, herufi s, alama ya usawa, halafu neno lako. Chini yake unatokea ukurasa wenye kichwa cha Kifaransa, Résultats de recherche pour : Mutakura, na baada ya kichwa, orodha. Ukurasa huo haukuwapo kabla hujauliza. Hakuna aliyekaa akauandika, na mhariri wa tovuti hajui kwamba umeuona. Je, mitambo mikubwa ya kutafutia, Google na wenzake, iuokote ukurasa wa namna hii, iutie kwenye faharasa yake, na kesho imwonyeshe mtu mwingine kama andiko kamili? Mafundi wa tovuti hulijibu swali hili kwa hoja za seva na biashara. Nitazigusa, lakini nadhani jibu zuri zaidi limo ndani ya ukurasa wenyewe, tukikubali kuusoma kama tunavyosoma shairi au tahariri: umeundwaje, nani anasema, na anamwambia nani.

Tuanze na kichwa. Katika maandishi ya kawaida kichwa hutungwa na mwandishi akijua anachotaka kusema. Hapa nusu ya kichwa imetoka kwenye kiolezo kilichotengenezwa miaka mingi iliyopita na fundi ambaye huenda hajawahi kufika Burundi, na nusu ya pili imetoka kwenye vidole vya mgeni ambaye bado hajajua chochote. Ukikosea ukaandika Mutakrua, ukurasa unakubali bila kusita: kichwa kitakuwa Mutakrua, na chini yake utaambiwa hakuna kilichopatikana. Ukiandika tusi, tusi litakaa chini ya nembo ya gazeti kwa herufi kubwa zilezile. Sijui aina nyingine ya maandishi ambayo humpa msomaji kalamu ya kichwa halafu ikatia sahihi ya mchapishaji.

Mtu aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili ataona kitu anachokifahamu hapa, kwani kujibizana ni mila yetu ya siku nyingi. Tungo nyingi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zilizuka kutokana na tukio fulani au maneno ya mtu fulani, na bila maelezo yaliyohifadhiwa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor tungekuwa tunasoma nusu ya mazungumzo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa wasomaji wake uwanja wa kutumiana tungo. Katika uwanja wa namna hiyo, anayejibu humtaja anayemjibu. Hufuata vina na mizani yake, humsifu au humpiga kijembe, na msomaji wa tatu huingia barazani akijua nani kamwambia nani.

Ukurasa wa matokeo nao ni jibu, lakini wa tatu hapewi fursa hiyo. Swali limebaki kwenye kichwa. Muulizaji ameondolewa, pamoja na saa aliyouliza na sababu yake. Mwanamke aliye Rotterdam anayetafuta mtaa aliozaliwa, dereva anayetaka kujua kama barabara imefungwa, na mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu uchaguzi, wote watatu wakiandika neno lile lile wataletewa ukurasa ule ule. Kwa kila mmoja wao haina ubaya, kwa sababu kila mmoja analijua swali lake na atalijaza mwenyewe. Ubaya unaanza pale mtambo wa nje unapoubeba ukurasa huo na kumpa mtu wa nne, kana kwamba kuna mwandishi aliyekusudia kumwambia jambo.

Twende kwenye mwili wa orodha. Hapa ndipo umbo linapojifichua kwa undani, na wahakiki wa fasihi hawajapaangalia. Mpangilio wa kawaida wa WordPress, mwenye tovuti asipouandikia muhtasari wake, hukata maneno 55 ya mwanzo ya kila habari na kuyaweka chini ya kichwa chake. Ya mwanzo, hauangalii neno ulilotafuta liko wapi. Sasa fikiria habari za Bujumbura zinavyoandikwa. Zinaanza na tarehe, msemaji wa polisi, gavana, jina la wizara, na pengine tarafa ya Ntahangwa. Mutakura, ambayo ni kartie (mtaa) moja tu ya zoni ya Cibitoke ndani ya tarafa hiyo, kaskazini mwa jiji, huja katika aya ya tano au ya sita, pale mwandishi anapoorodhesha barabara zenye namba ambako jambo lilitokea. Kwa hiyo unaweza kupata ukurasa ulioandikwa Mutakura kichwani na usiolitaja jina hilo tena hata mara moja, mpaka chini kabisa. Unaahidi kitu kisichoonekana. Anayejua jinsi kisanduku kinavyofanya kazi atavumilia, abonyeze na kutafuta ndani. Aliyeletwa na Google hajui, naye anahesabu ukurasa huo kuwa uongo.

Tena kisanduku chenyewe hakijui lugha. Kinalinganisha herufi tu. Ukiandika neno, kinatafuta mfuatano huo wa herufi popote ulipo, hata ukiwa katikati ya neno jingine. Kwa Kifaransa hilo huleta usumbufu mdogo. Kwa Kiswahili, ambacho hujenga neno kwa kubandika silabi mbele na nyuma, ni balaa. Andika Mutakura kufa kwenye tovuti yenye habari za Kiswahili, na utaletewa kila habari inayoitaja Mutakura yenye kufanya, kufaulu, kufahamu au kufagia. Wanafunzi wa Mutakura waliofaulu mtihani wataorodheshwa chini ya kichwa cha kifo. Na wale waliofariki kweli hawatakuwamo, kwa kuwa mwandishi wa habari aliandika wamefariki au waliuawa. Andika kitabu, na vitabu vyote vitabaki nje. Kama msaada wa harakaharaka kwa mtu aliye mbele ya skrini, hili linasameheka, maana atacheka, abadilishe neno, ajaribu tena. Likigandishwa na kupewa anwani ya kudumu, linakuwa tamko.

Kuna pia Cibitoke. Hadi mageuzi ya utawala yalipoipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi mitano mwaka 2025, jina hilo lilikuwa la zoni ya jiji na pia la mkoa mzima wa kaskazini-magharibi, uliopakana na Kongo. Mwandishi humtofautishia msomaji kwa neno moja. Orodha huyachanganya yote, mkoa na zoni.

Mpangilio nao hutunga hadithi. Kwa miaka mingi WordPress ilipanga matokeo kwa tarehe. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013 hupanga kwa ukaribu wa neno, habari zenye jina hilo kwenye kichwa zikitangulia. Sasa tujiulize ni habari zipi zilizoibeba Mutakura mpaka kwenye kichwa. Mnamo Aprili 2015, chama tawala kilipompitisha Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, maandamano yalianza tarehe 26, na Mutakura ilikuwa miongoni mwa sehemu za jiji zilizosikika kila siku redioni pamoja na Cibitoke, Musaga, Ngagara na Nyakabiga. Kabla mwezi haujaisha, Facebook, Twitter na WhatsApp zilikuwa zimezimwa kwenye simu. Katikati ya Mei, baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 13, vituo vya redio binafsi vilishambuliwa na kunyamazishwa. Mtaa wa watu wa kawaida ulipata kichwa cha habari pale tu ulipowaka moto. Harusi, mechi za jioni, fundi cherehani, saluni na foleni ya maji havina kichwa cha habari.

Weka hayo yote kwenye orodha inayopendelea vichwa. Utapata kizuizi cha barabarani, risasi, msako, bomu la mkono, msako tena. Hakuna aliyeamua kusimulia hivyo. Kila mwandishi alisema ukweli wa siku yake, na kila habari ilikuwa na haki ya kuandikwa. Msuko umetokana na kupangwa kwa habari hizo tu: kichwa kinasema Mutakura, vipengele kumi vinasema bunduki, na msomaji wa mbali anaunganisha mwenyewe. Hivyo ndivyo orodha inavyosema bila kitenzi. Haisemi kwa sababu wala haisemi lakini. Inaweka kimoja juu ya kingine, na nafasi nyeupe iliyo kati yao inasomeka kama hoja. Mwanahistoria akitoa picha hiyo tunaweza kumuuliza. Hapa hakuna wa kuulizwa, na hili kwangu ndilo kosa kubwa zaidi la kuutia ukurasa huu kwenye faharasa.

Google yenyewe iliona sehemu ya jambo hili mapema, ingawa kwa sababu zake. Machi 2007, Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza mapambano yake dhidi ya takataka za mtandaoni, alieleza kwamba watu kwa kawaida hawataki kutafuta kisha wakaangukia matokeo mengine ya kutafuta, na mwongozo wa kampuni ukaongezwa maneno ya kuwataka wenye tovuti wazizuie kurasa hizo. Kinachonifurahisha ni kwamba faili la Google lenyewe la robots.txt, lile linaloziambia roboti za wengine ziende wapi na zisiende wapi, linakataza kurasa za /search tangu mistari yake ya mwanzo. Wengine huona unafiki. Mimi naona mtu anayekijua chakula chake vizuri kuliko mteja.

Robots.txt ni andiko linalostahili uhakiki wa peke yake. Lilipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, likatumika kwa mapatano tu kwa karibu miaka thelathini, na likapewa hadhi rasmi Septemba 2022 kwa waraka unaoitwa RFC 9309. Mistari miwili inatosha:

User-agent: *
Disallow: /search

Mstari wa kwanza unamtaja msomaji anayeambiwa, yaani kila roboti; wa pili unamwambia asipite. Hakuna kufuli. Waraka wenyewe unakiri kwamba kanuni hizi si ulinzi wa kuingia. Ni adabu, kama hodi, na roboti lisilo na adabu hupita. Lakini hata kwa lile lenye adabu, mistari hii ina mwanya ambao nitaurudia, kwa sababu wengi wanaoweka kizuizi hiki hudhani wamemaliza kazi.

Hoja za mafundi nazo ni za kweli. Kurasa hizi hazina mwisho. Tuseme kuna tovuti ya nyumba za kupanga Bujumbura yenye kartie 10 za kuchagua, idadi nne za vyumba, viwango vitano vya kodi, na namna tatu za kupanga orodha. Zidisha: ni kurasa 600, hata kama nyumba zenyewe ni thelathini. Roboti litazizungukia zote, seva itachoka, na nyumba zilezile thelathini zitaonekana tena na tena kwa majina tofauti. Inatosha. Kila fundi atakuambia hayo.

Ambalo halisemwi vya kutosha ni mwangwi. Kwa kuwa kichwa hurudia chochote kilichoandikwa, mtu hahitaji kuingia kwenye mfumo wa gazeti ili alifanye gazeti liseme. Anatunga anwani yenye alama ya kuuliza na maneno yake, anaisambaza kwenye viungo, na roboti likiikuta linaipeleka kwenye faharasa na jina la tovuti inayoheshimika likiwa mbele. Matapeli wa nchi nyingi wameitumia njia hii kutangaza namba za simu za huduma bandia na tovuti za kamari kupitia visanduku vya vyuo vikuu na ofisi za serikali. Ndani yake ukurasa unasema hakuna kilichopatikana. Haidhuru, kichwa kimeshafanya kazi yake.

Fikiria hilo likihamia kwenye kartie iliyopita katika mwaka kama 2015. Jina la mtu, neno moja la kumshtaki, na Mutakura. Habari hakuna, tovuti inakana, lakini kwenye orodha ya Google mstari unasomeka jina, tuhuma, mtaa, na chini yake anwani ya chombo cha habari. Picha ya skrini inachukuliwa kwa sekunde mbili na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Nani atabonyeza ili ahakikishe? Katika jiji ambalo watu waliwahi kuulizwa kizuizini wanatoka kartie gani, sidhani tuna haki ya kuliita jambo hili kasoro ndogo ya kiufundi.

Sasa niipe nafasi hoja ya upande wa pili, kwa kuwa nayo ina uzito katika mahali kama hapa. Kurasa zilizoandikwa kuhusu Mutakura ni haba, na za Kiswahili ni haba zaidi, ingawa ukitembea kwenye zoni ya Cibitoke utasikia Kiswahili kikipishana na Kirundi dukani na kwenye vituo vya mabasi. Mtu aliye mbali akiandika nyumba ya kupanga Mutakura, au shule ya sekondari Mutakura, pengine kitu pekee chenye jina hilo kichwani ni huo ukurasa wa matokeo wa tovuti fulani. Tukiufuta, tumemwachia nini? London au Nairobi wanaweza kudharau orodha ya mashine kwa sababu wana maandiko mengine elfu. Maskini hatupi makombo.

Nimelifikiria hilo sana, na naona linachanganya vitu viwili vinavyofanana kwa sura. Kuna orodha yenye mwenyewe na orodha isiyo na mwenyewe. Ibn al-Nadim, mwuza vitabu wa Baghdad, alipoandika al-Fihrist mwaka 987, alitoa orodha tu ya vitabu na waandishi, na bado tunaisoma kama kitabu, kwa kuwa aliamua nini kiingie, akagawa milango, akatia neno lake kuhusu kila mmoja. Ukurasa wa tovuti ya nyumba ulioitwa Nyumba za kupanga Mutakura, ambao mtu ameamua uwepo, ameandika juu yake mistari miwili inayosema kartie iko wapi na barabara zake zina namba gani, na anaondoa nyumba zilizokwisha kupangwa, huo uingie kwenye faharasa, na uingie kwa haki. Unaweza kuwa na kosa, na kosa lake lina mtu wa kulisahihisha. Ukurasa wa ?s=Mutakura hauwezi hata kuwa na kosa, maana haujasema lolote. Makombo tunayoogopa kuyatupa hayamshibishi mtu. Yanamkalia mezani mahali ambapo sahani ingewekwa, kwani mwenye tovuti akiona jina la Mutakura tayari linaleta wageni, hana sababu ya kumlipa mwandishi.

Hukumu yangu basi ni hii: kurasa za matokeo ya ndani zisitiwe kwenye faharasa, za gazeti kwanza kabla ya za duka, na za maeneo yaliyoandikwa kidogo kwanza kabla ya yaliyoandikwa sana. Kwa tovuti za WordPress kazi kubwa imeshafanyika, kwani tangu toleo la 5.7 la Machi 2021 kurasa hizo zenyewe hutoka na alama ya noindex, inayoliambia roboti lisiutie ukurasa kwenye faharasa. Mwenye toleo la zamani, au mfumo aliotengenezewa na kijana wa jirani, itambidi aiweke kwa mkono. Na hapa ndipo penye ule mwanya. Robots.txt humzuia roboti asisome ukurasa, lakini haimzuii asiitie anwani yake kwenye faharasa akiikuta imetajwa kwingine. Tena akizuiwa kusoma, hataiona noindex iliyomo ndani. Kwa hiyo anayetaka kusafisha kurasa zilizokwisha kuokotwa aanze na noindex, aache mlango wazi mpaka Google izisome na kuzitoa, ndipo aandike Disallow akipenda.

Kisha, mhariri, agiza ukurasa mmoja wa Mutakura ulioandikwa na mtu anayekaa huko, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, wenye jina lake chini.